Baba Alifia Ukurasa wa Pili

Juzi mwanangu alitakiwa apeleke shuleni ramani ya mtaa wetu ikiwa imebandikwa kwenye katoni, na dukani gundi ilikuwa imekwisha. Nikachukua unga wa ngano, nikaukoroga na maji, nikauinjika na kuukoroga polepole mpaka ukashika. Ile harufu ya unga uliochemka bila chumvi wala sukari ilipopanda, niliuachia mwiko nikajifuta macho. Mwanangu akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ni moshi tu umeniingia machoni, na huku tunapikia gesi.

Nyinyi mliosoma miaka tuliyosoma sisi mnaijua gundi hiyo. Gundi ya dukani ilikuwa ya ofisini kwa mwalimu mkuu, imefungiwa kabatini, na mwalimu wa kawaida aliyetaka kubandika kitu alimwomba mama wa uji amchemshie unga. Shuleni kwetu Chaani ukuta wa nje wa darasa la saba ulikuwa umepauka kwa unga mkavu, na mende walikuwa wakiutafuna. Tuliuita Ukuta wa Insha. Insha moja tu ndiyo iliyopanda pale, ile iliyowashinda wenzake, na ilikaa mpaka ipatikane ya kuishinda. Shule nzima ilipita hapo kwenda kunywa maji.

Mwenye ukuta huo alikuwa Mwalimu Mutiso. Alitoka Ukambani, na siku aliyoingia darasani kwetu tulitazamana tukabana vicheko. Mtu wa bara atufunze Kiswahili? Sisi tuliokinyonya kwa mama zetu? Tukamwiga anavyotamka, tukamcheka chinichini juma zima, mpaka aliporudisha insha za kwanza. Mimi, mtoto wa pwani, nilipata kumi na moja kwa arubaini. Mwalimu Mutiso akatutazama bila hasira, akasema, "Kiswahili ni chenu, sikatai. Lakini insha bado si yenu."

Tangu hapo alitufunza insha kama fundi anavyofunza kupiga tofali. Alianza kwa kuzifuta tangulizi zetu zote, maana kila mmoja wetu alikuwa amekariri zilezile: jogoo amewika, jua limechomoza, ndege wanaimba nyimbo tamu. "Mtahini ana marobota ya karatasi mezani," alisema, "na kila akifungua moja, jua linachomoza. Mtamuunguza macho! Utangulizi ni mlango. Piga hodi mara moja, uingie. Tukio lianze." Ndege za kweli zilipita juu ya bati letu zikielekea uwanja wa ndege, na kila moja ilipopita Mwalimu alinyamaza na chaki yake hewani, akaisubiri iishe kunguruma, kisha akaendelea palepale alipokatizwa. Mwili wa insha, alisema, kila aya ibebe jambo moja na iisukume inayofuata. Methali ni chumvi, anayemwaga chumvi chunguni hali yeye wala halishi mtu. Na hitimisho limalize. Msomaji ajue nani amekufa na nani amepona. "Insha isiyo na hitimisho," alisema, "ni maiti iliyoachwa uani."

Juu ya yote hayo alikuwa na amri moja kubwa. Toeni kwenu. "Majambazi wenye bastola mmewaona wapi? Kila mtu hapa anaandika majambazi. Andika mtu unayemjua. Mpe jina lake, mpe nguo zake, mpe anavyokohoa. Hapo ndipo nitakuamini." Mimi nilimsikiliza yule mtu kwa masikio yote, kwa sababu kumi na moja kwa arubaini ilikuwa imeniuma kuliko fimbo. Nilitaka kupanda ule ukuta, na sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Baba yangu alikuwa dereva wa trela. Alipakia bandarini akapeleka Malaba, mpakani, na akirudi alikaa nyumbani siku mbili tatu akilala na kula, kisha akaondoka tena. Trela yake ilikuwa na kichwa cha kijani. Nyuma ya kiti aliweka taulo la mistari na birika dogo, na akikohoa alikohoa mara mbili, ya kwanza kubwa na ya pili ndogo. Hakuwa na simu. Enzi hizo simu zilikuwa za watu wachache, na mume akishavuka Mariakani mke alikuwa hana habari zake mpaka asikie honi.

Mama yangu alikuwa na dini yake, na juu ya dini alikuwa na uchuro. Uchuro, kwa msiokulia pwani, ni ile balaa unayoiita kwa kinywa chako mwenyewe. Kwetu msafiri akitoka nyumba haikufagiwa siku hiyo. Hakuna aliyethubutu kusema "baba akichelewa" au "itakuwaje ikiwa". Ukianza tu, mama alikukata: "Fyata! Wamwitia nini babako mambo? Sema Mungu apishe mbali." Ukasema Mungu apishe mbali, ukatema mate, yakaisha. Lakini yeye mwenyewe hakutoka nje kumuaga baba hata siku moja. Trela ikipiga honi kuondoka, alikuwa kwenye beseni la nguo, mgongo ameupa barabara, akifikicha kana kwamba zile nguo zimemtukana. Mimi nilikuwa nikipunga mkono peke yangu, na moyoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba mama hampendi baba.

Basi Jumatatu moja, baba akiwa safarini, Mwalimu Mutiso akaandika ubaoni: "Andika insha itakayomalizika kwa maneno haya: hapo ndipo nilipojua kwamba hatarudi tena." Darasa likaguna. Mimi sikuguna. Nilikuwa nimeshamwona mtu wangu.

Sikuwaza uchuro, naapa. Niliwaza alama tu. Nilianza katikati ya tukio, kama nilivyofunzwa, kwa honi ya trela. Nilimpa baba jina lake, Bakari, nikampa taulo la mistari na kikohozi chake cha mara mbili. Nikamleta kutoka Voi usiku, anatamani kufika, anaimba ili asilale. Pale Maungu nikaweka lori bovu katikati ya barabara, halina taa, na wenyewe hawakuweka majani njiani kuwaonya wanaokuja nyuma, maana baba alikuwa akilalamika siku zote kuhusu watu wasioweka majani. Ukurasa wa pili nikamfisha. Nikamfanya mama azirai mlangoni. Methali nikatia moja tu. Kengele ilipolia nilikuwa nimeweka nukta ya mwisho, na nilijisikia vizuri sana, nawaambia ukweli, kama mtu aliyeshiba.

Jumatano nikarudishiwa. Thelathini na sita kwa arubaini. Mwalimu Mutiso aliisoma mbele ya darasa kwa sauti yake ya Ukambani, na hakuna aliyeiga matamshi. Alipofika mwisho alikohoa, akavua miwani. "Riziki," akaniambia, "leo umeniliza." Saa ya mapumziko akapaka gundi ya moto ukutani kwa brashi ya rangi, akaibandika insha yangu kurasa mbili ubavu kwa ubavu, na mimi nikasimama kando nikijifanya natafuta kitu mfukoni.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokwenda kunywa maji. Kijana mmoja wa darasa la nane alikuwa mbele ya ukuta, amemaliza kusoma. Akageuka, uso umemshuka, akaninyooshea mkono kwa heshima kama wafanyavyo wanaume msibani. "Pole sana kwa babako," akasema. "Amezikwa wapi?"

Nilimwambia ni insha tu. Akaangua kicheko, akaenda zake. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshashikwa mkono wa pole. Nikasema Mungu apishe mbali. Nikatema mate. Nikangoja yaishe kama siku zote, na hayakuisha. Nikageuka nikaitazama ile karatasi. Ilikuwa ndiyo kwanza inakauka, na pembeni gundi ilikuwa ikitoka kwa mistari.

Maneno ya mdomoni hupeperuka, kila mtu anajua. Haya yalikuwa yameandikwa, tena na jina la baba mwenyewe. Na mimi nilikuwa na ushahidi kwamba maandishi yanafanya kazi mwilini mwa mtu. Mwaka uliotangulia nilishikwa na homa iliyokataa vidonge. Mwalimu wetu wa chuoni, yaani wa Kurani, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha ile sahani kwa marashi ya mawaridi, nikanywa maji yake ya manjano. Hilo ndilo kombe. Nililinywa Alhamisi, na kufikia Ijumaa nilikuwa naomba wali. Kama maneno kwenye sahani yaliweza kuingia mwilini na kufukuza homa, maneno kwenye ukuta yangeshindwaje kufika Maungu?

Jumatano ndiyo iliyokuwa siku ya baba kurudi. Hakurudi. Mama alipika sima na samaki wa kukaanga kama kawaida, akatenga sahani yake, akaifunika, na tulipokwenda kulala ilikuwa bado imefunikwa. Alhamisi asubuhi mama alifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi hiyo nilimfuata Mwalimu Mutiso hadi mlango wa ofisi ya walimu nikamwambia nataka kubadilisha hitimisho. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha. Baba kutoka Malaba lazima apite Maungu, na ikiwa amechelewa, basi pengine hajapita bado, na ikiwa hajapita, ningeweza kumuwahi.

"Kubadilisha kwa nini?" akaniuliza. "Ni zuri."

"Nataka apone, Mwalimu."

Akatabasamu, masikini, akadhani anazungumza na mwandishi mwenzake. "Sikiliza, Riziki. Hitimisho haling'olewi peke yake. Ukitaka huyu mtu apone, huwezi kumponya kwenye mstari wa mwisho, msomaji atakataa. Lazima urudi nyuma, utafute mahali kifo kilipoanzia, ubadilishe hapo. Na ukibadilisha hapo, insha yote inabadilika." Akanigonga begani. "Halafu wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nataka waione ilivyo. Iache."

Iache! Mpaka Jumatatu insha ingekuwa ukutani, kila mtoto anayekwenda kunywa maji anaisoma, na kila anayeisoma, kwa hesabu yangu, anamuua baba upya. Nilikaa na jani la mwisho la daftari mbele yangu nikitafuta kifo kilipoanzia, kama alivyosema. Je, kilianzia kwa lori bovu? Kwa majani yasiyowekwa? Nilirudi nyuma na nyuma, na kila niliporudi nilijikuta nimefika mahali pamoja: kilianzia kwenye kalamu yangu.

Jioni hiyo sahani ya baba ilifunikwa tena. Nikamwambia mama labda nikaulize kwenye yadi ya matrela, si mbali.

"Ukaulize nini?"

"Kama wamesikia."

Mama aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea kitunguu. "Kuuliza ni kuita," akasema. "Babako yuaja. Kaa."

Ijumaa wanafunzi Waislamu tulikuwa tukiruhusiwa mapema, wavulana waende msikitini na sisi wasichana twende nyumbani, wenzetu wakienda kula, na uwanja ulibaki mtupu. Mimi sikwenda. Nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka sauti zikaisha, kisha nikajaza kikombe changu cha bati, nikatoa kijiko nilichoiba jikoni kwetu, nikaenda ukutani.

Niliimwagia maji karatasi nikaikwangua. Gundi ya unga ikikauka si mchezo, ilikuwa imeshika kama saruji. Wino mwekundu wa mwalimu ndio uliotangulia kutoka, ukachuruzika kwenye kikombe nilichokinga chini, kisha buluu yangu kidogo kidogo, na karatasi ikaanza kukatika vipande. Ukurasa wa kwanza ulikubali. Ukurasa wa pili ulichanika katikati. Honi ikatoka, taulo likatoka, wimbo aliokuwa akiimba ukatoka, lakini ile aya ya mwisho iligoma. Nilikwangua mpaka kucha zikauma. Ilikuwa palepale, mistari minne, hatarudi tena.

Kikombe kilikuwa kimejaa maji mazito yenye rangi ambayo sina jina lake. Sikuweza kuyamwaga. Kombe halimwagwi ovyo, nilifunzwa hivyo, kwa kuwa maneno yake yatakwenda yatakako. Lazima yaingie ndani ya mtu. Na palikuwa na watu wawili tu ambao maneno yale yangeweza kuwaingia, aliyeandikwa na aliyeandika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimeshaona kwamba nyumbani wangeweza kukaa bila mimi, lakini bila baba wasingekaa. Nikasema bismillahi, nikafumba macho, nikaanza kunywa.

"Riziki! Unakunywa nini?"

Mwalimu Mutiso alikuwa amesimama nyuma yangu na chakula chake cha mchana mkononi. Alinipokonya kikombe, akanusa, akautazama ukuta, akanitazama mdomo. Nilikuwa na unga mpaka kidevuni. Nadhani alianza na hasira, kwa sababu alifungua kinywa kama walimu wanavyokifungua wakitaka kutuchapa, kisha ikamtoka. Akaniuliza nani amenituma, nani amenionea wivu, ninaumwa wapi. Ningemjibu vipi, na kila neno ambalo ningesema lingekuwa uchuro uleule? Akaniuliza, polepole sasa, "Babako yuko wapi?" Hapo ndipo nilipolia, na yeye akajishika kichwa.

Akasema twende kwenu.

Njia ya kwetu ilipita kando ya matrela yaliyoegeshwa, na niliyatazama yote, na la kijani halikuwepo. Mwalimu Mutiso alitembea kasi, amenishika mkono, shati lake limelowa jasho mgongoni. Tulipofika mama alikuwa uani kwenye beseni. Mwalimu akapiga hodi, akavua kofia yake.

Sasa jitieni mahali pa mama. Mumeo yuko barabarani, siku yake imepita, ya pili imepita. Ijumaa mchana unageuka na kumwona mwalimu wa mtoto wako mlangoni, mtu ambaye hajawahi kufika, kofia ameishika kifuani, na mtoto kando yake analia. Mama alisimama. Povu lilikuwa likimdondoka viwikoni. Hakupiga kelele, na hakuzirai.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Sema."

Na Mwalimu Mutiso, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ametufunza kwamba utangulizi ni mlango na mtu apige hodi mara moja aingie, akaanza kuzunguka. "Kwanza, mama, nikusalimu. Mimi ni mwalimu wa Riziki. Ni mtoto mzuri, mama, mwenye bidii. Nisingependa uingiwe na wasiwasi. Unajua katika maisha kuna mambo ambayo..."

"Sema upesi, mwalimu. N'ko tayari. Ni Maungu?"

Nadhani neno lile Maungu lilimpiga Mwalimu kama lilivyonipiga mimi. Mama hakumngoja. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma kitu anachokijua.

"Ni Maungu au Mtito? Lori bovu? Majani hawakuweka, si ndiyo? Mwili uko Voi? Kama uko Voi atolewe leo, n'taka azikwe kwao Msambweni, kwa babake. Nduguze n'tawaendea mimi, wasiambiwe na mtu njiani. Sanda ninayo." Akafuta mikono kwenye leso. "Sanda iko sandukuni chini. Amekufa papo hapo au aliteseka? Hilo tu, mwalimu. Hilo n'ambie."

Nimesimama mbele ya watu wengi tangu siku ile, na nimesikia mengi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale uani kwetu jua la mchana. Kila kitu nilichodhani nimekitunga mwenyewe kilikuwa kinywani mwa mama. Lori lilikuwemo. Majani yalikuwemo. Na yeye alikuwa amefika mbali kuliko mimi, mpaka kwenye sanda.

"Hajafa!" nilipiga kelele. "Mama, hajafa, ni insha!"

Ilichukua muda. Mwalimu Mutiso alieleza, sasa kwa maneno mafupi mafupi, akapinda kofia yake mpaka ikaharibika. Alieleza ubao na maneno ya mwisho, alieleza ukuta, akaeleza na kikombe. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza yote akitazama miguu yake. Kisha akauliza, na mpaka leo sijui kwa nini aliuliza hilo kwanza:

"Na huyo mke, kwenye insha, alifanyaje?"

"Alizirai mlangoni," akasema Mwalimu.

Mama akatikisa kichwa. "Akizirai, nani atakwenda Voi?"

Mwalimu Mutiso aliomba radhi. Mama akamwambia hana kosa, akamletea maji ya kunywa kwenye gilasi ya wageni, na yeye akayanywa yote akiwa amesimama, akatuaga. Tukabaki wawili. Nilijua sasa nitachapwa. Uchuro mkubwa kuliko wote uliopata kutokea nyumbani kwetu nilikuwa nimeutenda mimi, kwa kalamu, na kwa mwandiko mzuri.

"Riziki."

"Abee, mama."

"Yale maji uliyanywa uyapeleke wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba nilitaka yaje kwangu yamwache baba. Mama alinivuta, akanikalisha kwenye mapaja yake juu ya ile ndoo, na mimi mkubwa mzima, miguu inaburuta chini. Alinuka sabuni. Nilihisi kifua chake kinapanda na kushuka, na ikanichukua muda kuelewa kwamba analia, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Lau kuwaza kwaua, babako ningekuwa n'shamzika mimi zamani. Kila honi ile ikilia, mimi nafiwa. Kila siku namzika, nakaa eda, nawaza n'tawalisha nini. Kisha yuaja, ataka maji ya kuoga. Wasikia? Miaka yote hii. Hayaui. Wallahi hayaui. Yatuua sie tu."

Mimi niliyekuwa nimekata shauri kwamba hampendi. Hakuweza kumtazama akiondoka, basi. Alikuwa akiupa mgongo msiba wake.

Baba alikuja Jumamosi, mchana, honi ndefu mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Alisema foleni ya Malaba ilikuwa imewashika, malori yamekwama siku tatu, dereva mmoja ameoa palepale kwa kuchoka kungoja, utani wake wa kawaida. Alikohoa mara mbili. Nilimkumbatia miguu nikakataa kumwachia, akaniuliza nani amenipiga. Mama alitoka jikoni, akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia, "Wanuka. Maji yako bafuni." Baba hakuambiwa neno, si siku hiyo, si baadaye. Shuleni wakaguzi walipokuja Jumatatu walikuta ukuta umeoshwa mpaka tofali, na insha ya mvulana fulani kuhusu faida za miti. Mwalimu Mutiso hakunikata alama hata moja.

Juma lililofuata baba akapakia tena. Trela ilipopiga honi mama alikuwa kwenye beseni, mgongo ameupa barabara, na mimi nikapunga mkono hadi ikapotea. Niliporudi uani akanisogezea ndoo, akaipindua, akanionyesha nikae. Aliendelea kufikicha. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Haya. Wewe ndiye mwandishi. Yuko wapi sasa?"

Sikuelewa. Nikaona ameacha kufikicha, nikaelewa.

"Mazeras," nikasema. "Anapanda mlima. Ameweka gia ndogo."

"Kisha?"

"Mariakani. Wanampima mzigo. Anamtania yule askari."

"Humtania sana," mama akasema.

Tukampeleka hivyo, mimi nikisema na yeye akiuliza kisha, Samburu, Taru, Mackinnon, na nguo zikaisha kufuliwa na tukabaki tumekaa tu. Tukaja kufanya hivyo kila safari, miaka yote, mpaka macho ya baba yalipokataa barabara na akaja kukaa nyumbani moja kwa moja. Kila tulipofika Maungu, mama alinishika mkono kwa mkono wake wenye maji, na hatukusema neno mpaka apite.